Ralph Tyler na Swali Alilowauliza Maprofesa

Miongoni mwa kazi zote za mwalimu, pengine hakuna inayofanywa kwa haraka zaidi kuliko kutunga mtihani. Muhula unakaribia kwisha, mwalimu mkuu anadai alama, nasi tunafunua daftari la maandalio, tunayachukua maneno tuliyoyaandika ubaoni, tunayageuza kuwa maswali 20, na kazi imekwisha. Mwanafunzi aliyeyakumbuka maneno yetu anapata alama nyingi na kusifiwa. Aliyeyasahau anapata chache na kuitwa mjinga. Ni mara chache tunapojiuliza kama maswali yale yamepima jambo tulilokusudia kulifundisha.

Katika makala haya tumekusudia kuwaeleza wanachuo habari za maisha ya mtu mmoja aliyejiuliza swali hilo tangu ujana wake, na ambaye hakuchoka kuwauliza wengine, hata maprofesa waliomzidi umri na heshima. Mtu huyo ni Ralph Winfred Tyler wa Marekani. Jina lake hutajwa katika vitabu vingi vya mitaala na tathmini, na wanachuo hulikariri kwa ajili ya mtihani, jambo ambalo yeye mwenyewe asingalilifurahia. Tunaona yafaa tumjue kwa kazi aliyoifanya, kwa sababu kazi hiyo, ingawa ilianzia chuo kikuu, imefika hadi katika andalio la somo ambalo kila mwanachuo hulibeba mkononi anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha.

Utoto na ujana wake

Tyler alizaliwa katika mji wa Chicago tarehe 22 Aprili, 1902. Baba yake alikuwa daktari, lakini aliiacha kazi hiyo akawa mchungaji, na jamaa yake wakahamia jimbo la Nebraska, nchi ya wakulima na wafugaji. Maisha hayakuwa ya anasa. Alipokuwa na umri wa miaka 12 kijana huyo alikwisha kuajiriwa katika kiwanda cha siagi. Baadaye alipoingia chuo cha Doane, katika mji wa Crete, alisoma mchana, na usiku alifanya kazi ya kutuma na kupokea simu za maandishi katika reli. Pamoja na taabu hiyo alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Kazi yake ya kwanza ya ualimu ilikuwa katika shule ya sekondari ya mji wa Pierre, jimbo la South Dakota, ambako alifundisha sayansi. Huko ndiko alikoipenda kazi ya kufundisha. Mwaka 1923 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Nebraska, na mwaka huohuo alitunga mtihani wa sayansi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kazi hiyo ndogo ilimfumbua macho. Aliona kwamba mtihani unaopima kumbukumbu peke yake una matundu mengi kama wavu uliochakaa: samaki wadogo wanapita, na wakubwa pia wanapita, na mvuvi anabaki akihesabu majani ya baharini. Mwanafunzi aweza kulikariri jina la kanuni asijue kuitumia. Na mwingine aweza kuitumia vizuri ijapokuwa jina limemtoka.

Wazo hilo hakulitupa. Alirudi Chicago kusoma, na mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 25, alitunukiwa shahada ya udaktari katika elimu na Chuo Kikuu cha Chicago. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha North Carolina, ambako kwa muda wa miaka miwili alifanya kazi pamoja na walimu wa shule za jimbo hilo katika kuitengeneza mitaala yao. Yafaa tuikumbuke miaka hiyo miwili, kwani ilimzoesha Tyler kukaa na walimu na kuwasikiliza kabla ya kuwashauri.

Maprofesa wa Ohio

Mwaka 1929 Tyler aliitwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na W. W. Charters, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya utafiti wa elimu chuoni hapo. Chuo hicho kilikuwa na tatizo zito. Wanafunzi waliingia kwa wingi, lakini wengi wa mwaka wa kwanza hawakurudi kuanza mwaka wa pili. Wakuu wa jimbo, ambao ndio waliokitafutia chuo fedha, walitaka ufundishaji uangaliwe upya. Hapo wanachuo wataona kwamba jambo lililokuwa hatarini halikuwa sifa ya chuo tu. Kila mwanafunzi aliyerudi kwao alirudi na hukumu kwamba hawezi elimu ya juu, na hukumu hiyo ilitokana na mitihani. Kama mitihani yenyewe ilikuwa mibovu, basi kulikuwa na vijana waliohukumiwa bila haki.

Kazi aliyopewa Tyler ilikuwa kuwasaidia walimu wa chuo kikuu kuboresha ufundishaji na mitihani yao. Hiyo si kazi nyepesi. Profesa wa elimu ya wanyama anaijua elimu ya wanyama kuliko mtaalamu yeyote wa elimu, na hapendi kufundishwa kazi yake na kijana wa miaka 27. Tyler hakujitwisha kazi ya kuwatungia mitihani. Alianza kwa kuwauliza swali moja: baada ya mwanafunzi kulimaliza somo lako, wataka awe anaweza kufanya nini?

Swali hilo ni jepesi kulisikia na gumu kulijibu. Mitihani iliyokuwapo iliuliza zaidi majina na habari za kukumbuka. Lakini walimu wa elimu ya wanyama walipokaa na kufikiri, walikiri kwamba kukumbuka si shabaha yao pekee. Waliorodhesha shabaha nane za somo la mwaka wa kwanza. Walitaka mwanafunzi awe na akiba ya habari na ayaelewe maneno ya kitaalamu. Lakini pia walitaka aweze kupata hitimisho kutokana na habari alizopewa, aweze kupendekeza njia za kuijaribu dhana, aweze kuzitumia kanuni katika mambo ambayo hajapata kuyaona, awe na usahihi katika kutazama kwa hadubini, awe na ustadi wa kuitumia hadubini hiyo na vyombo vingine, na aweze kuyaeleza mawazo yake vizuri. Kumbe mitihani yao ilikuwa ikizigusa shabaha mbili za kwanza na kuziacha nyingine sita!

Walimu wengi hujitetea kwa kusema kwamba hakuna haja ya kuvipima vyote, maana anayekumbuka zaidi ndiye pia anayefikiri zaidi. Tyler hakuridhika na kauli hiyo, aliipima. Alipolinganisha alama za kukumbuka na alama za kupata hitimisho za wanafunzi walewale, aliona uhusiano wake ni hafifu. Maana yake ni kwamba mtihani wa kukumbuka hauwezi kushika nafasi ya mtihani wa kufikiri. Atakaye kujua kama mwanafunzi anaweza kufikiri hana budi kumpa jambo la kulifikiria.

Mtihani wa hadubini

Mfano mmoja wa kazi ya Tyler ya mwaka 1930 ungali unasimuliwa na wataalamu wa upimaji, nasi tunauona kuwa ni mfano unaomfaa kila mwalimu. Walimu walitaka mwanafunzi ajue kutumia hadubini. Njia ya mkato ingekuwa kumwuliza majina ya sehemu zake kwenye karatasi. Badala yake mwanafunzi aliwekewa hadubini, vipande vya kioo na hamira iliyochachuliwa majini, akaambiwa aitafute chembe ya hamira. Pembeni alikuwapo mtazamaji mwenye orodha ndefu ya vitendo vinavyoweza kufanywa na mwanafunzi, vyema na vibaya: kukipangusa kioo kwa karatasi ya lenzi au kukipangusa kwa kitambaa, kutazama kwa jicho la kulia au la kushoto, kuliteremsha bomba, na kadhalika. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kuandika namba kwa kufuata utaratibu wa vitendo, yaani kitendo kipi kilifanywa kwanza, kipi cha pili, kipi cha tatu, hadi mwisho.

Tazameni faida yake. Lau mwanafunzi angaliandikiwa alama 40 katika 100, angalijua kwamba ameshindwa, wala asingalijua ameshindwa wapi. Lakini orodha ile iliweza kuonyesha kwamba alikosea hatua fulani, akairudia mara nyingi, akakata tamaa. Mwalimu aliyeisoma alijua amfundishe nini kesho, na mwanafunzi aliyeonyeshwa alijua arekebishe nini. Hapo upimaji ukawa ni sehemu ya kufundisha.

Elimu inayobaki

Jambo jingine lililowashangaza wengi ni uchunguzi ambao Tyler aliutangaza katika miaka ya 1930 kuhusu elimu inayobaki kichwani. Wanafunzi wa elimu ya wanyama walipimwa kabla ya somo, wakapimwa tena walipolimaliza, na wakapimwa mara ya tatu baada ya miezi 15. Katika kutaja majina ya sehemu za mwili wa wanyama, walikuwa wamepoteza takriban robo tatu ya yale waliyojifunza. Lakini katika kuzitumia kanuni katika mambo mapya, hawakupoteza karibu chochote. Na katika kuyafasiri majaribio ambayo hawakupata kuyaona, walikuwa wameongeza uwezo wao kuliko siku walipolimaliza somo.

Ndugu wanachuo, habari hiyo inatugusa sana. Jambo ambalo mitihani yetu hulipima zaidi ndilo linalosahauliwa upesi zaidi. Na jambo linalodumu, ambalo mwanafunzi huondoka nalo shuleni akaenda nalo maishani, ndilo tunalolipima kwa nadra. Hatusemi kwamba majina hayana maana, kwani mtu hawezi kufikiri bila ya kuwa na mambo ya kuyafikiria. Tunasema kwamba mwalimu anayeishia kwenye majina ameishia ukumbini, hajaingia nyumbani.

Kutokana na kazi hizo Tyler alitoa mwaka 1934 kitabu kuhusu utungaji wa mitihani ya maendeleo. Utaratibu alioufundisha waweza kufupishwa hivi. Kwanza, shabaha za somo zitajwe. Pili, kila shabaha ielezwe kwa vitendo vya mwanafunzi, hata watu wawili wanaomtazama waweze kukubaliana kama anayo au hana. Tatu, zitafutwe hali ambazo ndani yake mwanafunzi atapata nafasi ya kukionyesha kitendo hicho. Nne, hali hizo ziletwe mbele ya mwanafunzi, na jibu lake liandikwe. Tano, majibu yapimwe kwa kuyalinganisha na shabaha. Mwisho, mtihani wenyewe nao upimwe, uonekane kama watahini wawili wanatoa uamuzi mmoja, na kama mfano wa kazi uliochukuliwa unatosha kumhukumu mtu. Ikiwa mwalimu ataka kutumia njia fupi, kama vile maswali ya kuchagua, sharti kwanza aone kama matokeo yake yanalingana na yale ya njia ndefu. Asiichague kwa sababu tu ni rahisi kusahihisha.

Miaka minane ya majaribio

Sifa za kazi hiyo zilimfikisha Tyler katika jambo kubwa zaidi. Zamani hizo shule za sekondari za Marekani zilifungwa na masharti ya vyuo vikuu. Masomo yaliyotakiwa ili mtu aingie chuo kikuu ndiyo yaliyofundishwa, hata kwa wanafunzi ambao hawangefika huko. Mwaka 1930 Chama cha Elimu ya Kimaendeleo kiliunda tume ya kulitazama jambo hilo. Shule zipatazo 30 ziliruhusiwa kubuni mitaala yao, na vyuo karibu 300 vilikubali kuwapokea wanafunzi wao bila ya masharti ya kawaida. Majaribio hayo, yaliyodumu tangu 1933 hadi 1941, huitwa Uchunguzi wa Miaka Minane.

Ilipofika mwaka 1934 ilidhihirika kwamba mitihani ya zamani isingeweza kuyapima mambo mapya yaliyofundishwa. Tyler akateuliwa kuongoza kazi ya tathmini. Yeye ndiye aliyelieneza neno la tathmini mahali pa neno la mtihani, kwa sababu alitaka watu waelewe kwamba karatasi na kalamu si njia pekee ya kupata ushahidi wa kujifunza. Yeye na wenzake, akiwamo Hilda Taba, hawakuzipelekea shule mitihani iliyokwisha kutungwa. Walikaa na walimu, wakawauliza shabaha zao, kisha wakatengeneza vipimo pamoja. Wakati wa kiangazi wa mwaka 1936 walimu walikusanywa katika Chuo Kikuu cha Ohio, kila mmoja akiwa na tatizo la shule yake, wakafanya kazi kwa majuma kadhaa. Semina za walimu kazini tunazozijua sisi zina undugu na mkutano ule.

Mwishowe wanafunzi 1,475 waliotoka katika shule hizo walifuatiliwa vyuoni, kila mmoja akilinganishwa na mwenzake wa shule ya kawaida aliyefanana naye kwa umri, jinsi, uwezo na hali ya nyumbani. Ilionekana kwamba wale wa shule za majaribio hawakupungukiwa. Walikuwa sawa na wenzao, au wakawazidi kidogo. Kwa bahati mbaya matokeo yalitangazwa mwaka 1942, wakati Marekani imekwisha kuingia katika Vita Kuu ya Pili, na watu wachache walikuwa na nafasi ya kuyasikiliza.

Mtahini wa Chicago

Mwaka 1938 Tyler alirudi Chuo Kikuu cha Chicago akiwa mkuu wa idara ya elimu na pia mtahini wa chuo. Chuo hicho kilikuwa na utaratibu wa pekee tangu mwaka 1931: mtihani wa mwisho haukutungwa na mwalimu wa darasa peke yake, bali na ofisi ya watahini ikishirikiana na walimu. Utaratibu huo ulibadili uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu asipokuwa hakimu, mwanafunzi haogopi kumwonyesha asilolijua. Anamwendea kama mgonjwa amwendeavyo tabibu, akitaja mahali panapouma. Sisi wa shule za msingi hatuna watahini wa namna hiyo kwa kila somo, lakini twaweza kutenganisha siku za kumsaidia mtoto na siku za kumwandikia alama. Mtoto ajue kwamba zoezi la Jumanne ni la kutafuta kosa ili lirekebishwe, wala halitamfuata hadi kwenye ripoti anayopelekewa mzazi.

Kati ya vijana waliofanya kazi chini ya Tyler huko Chicago alikuwapo Benjamin Bloom, ambaye baadaye alishika wadhifa wa mtahini. Kitabu cha Bloom na wenzake cha mwaka 1956 juu ya uainishaji wa malengo ya elimu, ambacho kila mwanachuo amekisikia, kilitabarukiwa kwa Tyler. Ngazi zile za maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini zilitokana na kazi ya watahini wa vyuo waliotaka kuelewana juu ya jambo wanalolipima.

Mwaka 1949 Tyler alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu misingi ya mtaala na ufundishaji. Ni kitabu kidogo cha kurasa 128, kilichoanza kama maelezo ya somo alilolifundisha. Chote kinazunguka maswali manne. Shule yakusudia kufikia shabaha gani? Ni mambo gani ambayo mwanafunzi akiyapitia yatamfikisha huko? Mambo hayo yapangwe vipi ili yatiliane nguvu? Na tutajuaje kama shabaha zimefikiwa? Mwanachuo akilitazama andalio lake la somo, lenye nafasi ya lengo mahsusi, ya vitendo vya mwalimu na vya wanafunzi, na ya tathmini, ataona maswali hayohayo yamepangwa katika safu.

Katika kitabu hicho Tyler alisema pia kwamba kupima mara moja mwishoni hakutoshi. Tusipojua mtoto alianzia wapi, hatuwezi kujua kama sisi ndio tuliomfikisha alipo. Tena alikumbusha kwamba ushahidi umejaa kila mahali kwa mwenye macho. Ukitaka kujua kama watoto wanapenda kusoma, tazama vitabu wanavyoazima maktabani. Ukitaka kujua kama somo la chakula bora limeingia, tazama wanavyochagua vyakula.

Miaka ya mwisho, na lawama dhidi yake

Kuanzia mwaka 1953 hadi 1967 Tyler aliongoza kituo cha wataalamu wa sayansi za jamii huko Stanford, jimbo la California. Mwaka 1964 aliombwa kuongoza kamati iliyotafuta njia ya kuipima elimu ya nchi nzima ya Marekani. Watu wengi walikuwa na hofu: shule zingepangwa kwa daraja, walimu wangelaumiwa, na kila mmoja angefundisha kwa ajili ya mtihani tu. Kamati ilibuni utaratibu ambao kila mtoto alijibu sehemu tu ya maswali, na hakuna mtoto wala shule iliyopewa alama. Kilichotangazwa ni mambo ambayo watoto wa miaka 9, 13 na 17, pamoja na vijana wazima, waliweza kuyafanya. Upimaji wa kwanza ulifanywa mwaka 1969. Ilipofika mwaka 1990 matokeo ya majimbo yalianza kulinganishwa, jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa mwanzo.

Tusingekuwa wakweli kama tungemsifu tu. Wapo wataalamu waliompinga, kama Elliot Eisner huko Marekani na Lawrence Stenhouse huko Uingereza. Walisema kwamba si kila jambo jema darasani laweza kutajwa kabla. Mtoto anapochora picha au kutunga hadithi, uzuri wa kazi yake ni katika lile ambalo mwalimu hakulitarajia. Hoja hiyo ina uzito, na mwalimu mwenye busara huacha mlango wazi kwa jambo lisiloandikwa katika andalio. Hata hivyo Tyler mwenyewe hakupendezwa na wale waliolichukua wazo lake wakalikatakata kuwa mamia ya malengo madogomadogo, kila neno likiwa lengo. Kwake yeye shabaha ilikuwa uwezo mpana, kama vile uwezo wa kuitumia kanuni, wala si orodha ya majibu ya maswali.

Ralph Tyler alifariki dunia tarehe 18 Februari, 1994, huko San Diego, California, akiwa na umri wa miaka 91.

Mafunzo kwetu

Huenda mwanachuo akasema kwamba habari za maprofesa na hadubini ni mbali na darasa la watoto 60 wenye madawati machache. Sisi hatuoni hivyo. Wengi wetu tumepata kumwona mtoto wa darasa la tano akiikariri kanuni ya eneo la mstatili bila ya kukosea neno, naye akipewa kamba akaambiwa alipime shamba la shule, anasimama asijue aanzie wapi. Alama zake ni 10 kwa 10, na mwalimu wake ameridhika. Nani amekosea hapo? Mtoto alijibu alichoulizwa. Aliyekosea ni yule aliyekusudia jambo moja na kuuliza jingine.

Basi tunawausia wanachuo mambo matatu. La kwanza, mtihani uanze kutungwa siku ile andalio linapoandikwa. Ukishaandika lengo, jiulize palepale: mtoto atafanya nini ili nijue kwamba amelifikia? Kama huna jibu, lengo lako bado ni ukungu. La pili, unaposahihisha, usiishie kwenye mkwaju mwekundu na namba. Neno moja linaloonyesha kosa lilipoanzia lina thamani kuliko alama kumi. Na kama watoto 60 ni wengi mno kwa daftari moja moja, chukua madaftari kumi, yatazame vizuri, tambua kosa linalojirudia, kisha lifundishe upya kwa darasa zima. La tatu, watoto wengi wanaposhindwa swali moja, usikimbilie kuwahukumu. Lihukumu kwanza swali, halafu lihukumu somo lako, ndipo mwisho umfikie mtoto.

Tyler aliwaendea watu wenye elimu kubwa kuliko yake katika masomo yao, wala hakuwaletea majibu. Aliwaletea swali, akakaa nao hadi walipolijibu wenyewe. Sisi tutakaokuwa na watoto mbele yetu siku ya Jumatatu twaweza kujiuliza swali hilo kabla ya kushika chaki: baada ya somo hili, nataka mtoto huyu awe anaweza kufanya nini? Na jioni, kabla ya kuandika alama, tujiulize la pili: je, nilimpa nafasi ya kunionyesha?